Gari la Zamani na Tairi za Sasa

Land Rover zilizoundwa kabla ya mwaka 1985 zimetumika kwa miaka mingi katika Mkoa wa Ruvuma. Mwenye gari kama hilo akitafuta tairi mjini Songea leo, aghalabu hupewa za rediali. Akisha kuzifunga, huanza kulalamika: usukani ni mzito wakati wa kuegesha, gari huvutwa na mifuo ya barabara, na penye kona sehemu ya nyuma hutaka kuhama. Lawama huangukia steringi boksi. Kabla ya kuifungua, yafaa tuichunguze tairi yenyewe.

Katika tairi ya kale nyuzi za ndani hupita mshazari, tabaka moja likikingamana na jingine. Kwa hiyo ubavu na uso wa tairi hujikunja pamoja. Katika rediali, ambayo kampuni ya Michelin iliipatia hataza mwaka 1946, nyuzi za ubavuni hutoka ukingo mmoja hadi wa pili moja kwa moja, na chini ya uso hupita mkanda mgumu. Ubavu waweza kulegea huku uso ukiendelea kulala bapa barabarani.

Gari linapokata kona, tairi haielekei hasa kule gari linakokwenda. Baina ya mielekeo hiyo miwili kuna pembe ndogo, nasi tuiite pembe ya mtelezo. Bila pembe hiyo tairi haiwezi kutoa kani ya ubavuni. Rediali hutoa kani ile ile kwa pembe ndogo zaidi.

Tufikirie Land Rover inayoshuka mteremko wa Lukumburu kwa kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde, katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 100. Tuseme kila ekseli imebeba kilogramu 800. Kani inayohitajika kwa kila ekseli ni

800 × 16.7² ÷ 100 = niutoni 2,230 hivi,

au niutoni 1,115 kwa kila tairi. Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba tairi ya mshazari hutoa niutoni 500 kwa kila digrii ya mtelezo, na rediali 900. Ya kwanza itahitaji digrii 2.2, ya pili 1.2.

Sasa mwenye gari, kwa kubana fedha, amefunga rediali mbili mbele na kuacha za mshazari nyuma. Mbele huteleza kwa digrii 1.2, nyuma kwa 2.2. Mkia watoka nje ya kona kuliko pua. Gari hujipinda ndani zaidi ya alivyokusudia dereva, na mwendo ukizidi laweza kugeuka kabisa. Sheria ya Uingereza hukataza mpango huo, na kwa haki. Ikiwa hapana budi kuchanganya, rediali ziwe nyuma. Na kamwe zisichanganywe katika ekseli moja.

Uzito wa usukani una sababu nyingine. Tairi inayowekwa mara nyingi badala ya 7.50-16 ni 235/85R16. Kimo chake kinakaribiana na cha ile ya kwanza, lakini upana umezidi. Gari likiwa limesimama, uso huo wote lazima usuguliwe juu ya ardhi kwa nguvu za mikono. Rimu ikiwa imesogezwa nje, wenzo baina ya kingipini na katikati ya tairi hurefuka, na kila jiwe huupiga usukani. Kingipini na tairodi zilizolika, ambazo tairi laini ya mshazari ilizisitiri, hudhihirika mara moja.

Shuleni jambo hili lapimika. Funga mizani ya springi kwenye ukingo wa usukani wa gari lililosimama, injini ikiwa imezimwa, uvute polepole na kuandika kani inayoanza kugeuza magurudumu. Rudia baada ya kuongeza upepo, bila kupita kiwango cha mtengenezaji. Kisha wanafunzi warudie hesabu ya Lukumburu kwa kilomita 40 kwa saa, na waeleze kwa nini tofauti ya pembe imepungua kwa zaidi ya nusu.