Rimu za Subaru kwenye Premio: pima kwanza, spesa baadaye

Umeziona kwa wauza rimu wa Gerezani: rimu nne za aloi zilizotoka kwenye Subaru Legacy, inchi 17, hazina ufa wala kiraka, na bei inazungumzika. Premio yako bado inatembelea inchi 15. Muuzaji anakuapia kwamba zinaingia, na zikigoma kidogo utaweka spesa. Nusu ya maneno yake ni kweli. Legacy ya 2003 hadi 2009 na Premio ya kuanzia 2001 zote zina stadi 5 kwenye duara la milimita 100. Ila kuingia si kukaa. Kabla hujatoa hela, mwombe tepu.

Spesa ni sahani ya alumini inayokaa kati ya habu na rimu. Kazi yake ni moja: kusogeza gurudumu nje kwa unene wake. Basi. Usiinunue kwa sababu jirani anayo. Inunue ukiwa na namba mkononi.

Anza na PCD, kipimo cha duara linalopita katikati ya mashimo ya nati. Rimu ya mashimo 4 ni rahisi: pima kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya lile la mkabala. Kwenye rimu ya mashimo 5, mashimo hayatazamani, kwa hiyo ruka moja: pima kutoka shimo la kwanza hadi la tatu, katikati kwa katikati. Ukipata milimita 95, hiyo ni 5x100, inakufaa. Ukipata karibu 109, hiyo ni 5x114.3, ya akina Mark X, RAV4 na Harrier. Iache.

Fundi akikuambia atapanua mashimo kidogo ili yakubali, mshukuru na uende kwingine. Rimu iliyochongwa mashimo haina tena mahali pa kushikilia nati.

Sasa tazama shimo kubwa la katikati. Habu ya Premio ina kipenyo cha milimita 54.1. Shimo la rimu ya Subaru ni 56.1. Maana yake rimu itaingia lakini italegea milimita moja kila upande, na gari litaanza kutetemeka usukani ukikaribia kilomita 100 kwa saa. Dawa yake ni ringi nyembamba ya kujaza pengo hilo, 56.1 nje na 54.1 ndani. Ukitumia spesa, tafuta iliyokatwa kwa vipimo hivyo hivyo: ndani ikumbatie habu, nje iwe na shingo ya kubeba rimu. Spesa isiyo na shingo inaziachia stadi kazi ya kuipanga rimu katikati.

Na usijaribu kinyume chake. Rimu ya Premio haiingii kwenye habu ya Subaru bila kuchongwa.

Hesabu ya ofseti

Hapa ndipo wengi hupotelea, na ndipo spesa inapopata sababu. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaogusa habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linazama ndani kuelekea shokapu. Ikiwa ndogo, linatoka nje kuelekea fenda. Geuza rimu, tazama mgongoni mwa zile spoku au karibu na mashimo ya nati. Utaona kitu kama 17x7JJ na 55 pembeni yake. Hiyo 7 ni upana kwa inchi, 55 ni ofseti kwa milimita.

Kama maandishi yamefutika, laza rimu kifudifudi, weka rula ndefu ikatize ukingo wa nyuma, kisha pima kutoka kwenye rula hadi uso unaogusa habu. Pima pia upana wote wa rimu, ukingo hadi ukingo, ugawe kwa 2. Toa nusu hiyo kwenye kipimo cha kwanza. Kinachobaki ni ofseti.

Tuseme rimu yako ya sasa ni 15x6, ofseti 45, na ya Legacy ni 17x7, ofseti 55. Upana umeongezeka inchi moja, yaani karibu milimita 13 kila upande. Ofseti imeongezeka 10, kwa hiyo gurudumu zima limehamia ndani milimita 10. Upande wa ndani: 13 jumlisha 10, ukingo wa rimu umesogea 23 kuelekea shokapu. Upande wa nje: 13 toa 10, umetoka 3 tu.

Umeona tatizo? Nje gari linaonekana halijabadilika, ndani kumebanana. Ukiweka spesa ya 10, ndani inakuwa 13 na nje 13. Ukiweka ya 5, ndani 18 na nje 8.

Usimalizie kwenye karatasi, maana tairi huvimba kupita ukingo wa rimu. Mwombe muuzaji akufungie moja tu, ikiwa na tairi lake, bila spesa. Inua gari, funga nati kwa mkono, zungusha gurudumu taratibu. Geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Mulika kwa tochi. Kati ya tairi na shokapu acha angalau milimita 5. Kati ya spoku na kalipa ya breki acha angalau 3. Jaribu mbele na nyuma, kwa sababu nafasi hazilingani.

Ikipita pote, huhitaji spesa. Weka ringi, nenda nyumbani. Ikikosa milimita chache, nunua spesa nyembamba kuliko zote inayotosha. Kila milimita unayoongeza inaongeza mzigo kwenye beringi na kufanya usukani uvutwe zaidi ukipiga shimo. Kwa barabara zetu, mimi ningeishia 10.

Nati ndizo zinazobeba roho yako

Stadi za Toyota Premio ni M12x1.5. Kila nati ikizunguka mara moja, inasogea milimita 1.5. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike angalau urefu sawa na unene wa stadi: milimita 12, yaani mizunguko 8 kamili. Ihesabu kwa vidole wakati wa kufunga, kuanzia pale uzi unaposhika.

Spesa ya milimita 5 inakula zaidi ya mizunguko 3. Ya 10 inakula karibu 7. Sasa fikiria kimebaki nini. Ukipungukiwa na 8, stadi zibadilishwe ziwe ndefu zaidi, zote tano, pande zote unazoweka spesa. Zitolewe na kuingizwa kwa mashine ya kukandamiza. Fundi anayegonga stadi kwa nyundo huku habu iko kwenye gari anaipiga beringi yako.

Muuzaji akikupa nati za Subaru bure, zirudishe. Stadi za Subaru ni M12x1.25. Nati zake zitaanza kushika kwenye stadi ya Toyota, kisha zitabana, na kijana mwenye spana ndefu atazilazimisha hadi uzi uchanike. Hali ni hiyo hiyo kwa nati za Nissan.

Angalia pia umbo la nati. Rimu nyingi za aloi za Toyota zenyewe hutumia nati bapa zenye washa na shingo. Rimu za Subaru zinataka nati ya koni. Nati bapa kwenye shimo la koni inagusa ukingo tu, na italegea. Nunua nati mpya za koni, M12x1.5, zilizo wazi juu ili stadi ndefu ipate pa kutokea.

Spesa yenyewe iwe imechongwa kutoka kipande kimoja, na mashimo yake yawe ya PCD yako tu. Zile zenye mashimo marefu ya kukubali gari lolote hazina kipimo cha gari lolote. Usibebanishe mbili. Usitumie washa badala ya spesa. Najua umeona mtu amefanya hivyo na bado anatembea.

Kuna aina nyingine, spesa nene yenye stadi zake zenyewe, kwa kawaida kuanzia milimita 20. Inafungwa kwenye habu, halafu rimu inafungwa kwenye spesa. Hiyo ndiyo watu hutumia kubadilisha 5x100 kuwa 5x114.3. Ukiichagua, hakikisha stadi za zamani za gari hazichomozi kupita uso wa spesa, la sivyo rimu haitalala. Na rudia hesabu ya ofseti: 20 ni nyingi, kwa hiyo rimu inayokuja iwe na ofseti kubwa. Kwa Premio na rimu za Legacy huihitaji kabisa.

Mwenye Volkswagen, BMW au Mercedes, gari lako linatumia bolti badala ya stadi na nati. Kwako wewe, bolti iongezeke urefu sawasawa na unene wa spesa. Fupi haishiki vya kutosha. Ndefu kupita kiasi inaweza kugonga vyuma vya breki ya mkono nyuma ya habu.

Siku ya kufunga

Sugua habu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Kutu ya unene wa karatasi inatosha kuipinda spesa. Futa vumbi. Usipake grisi wala oili kwenye uzi wa stadi.

Weka spesa, izungushe kwa mkono, hakikisha imelala bila kucheza. Pandisha rimu. Anza nati zote kwa vidole, kisha zikaze kwa kuruka, kama unachora nyota. Shusha gari hadi tairi liguse chini, malizia kwa toki renchi kwenye nyutoni mita 103, kipimo cha Toyota kwa gari hili. Gereji isiyo na toki renchi ikuazimie kwa jirani. Bunduki ya upepo haijui kipimo.

Tembea kilomita 50 hadi 100, simama, kaza tena kwa kipimo kile kile. Hii usiiruke hata kama una haraka ya safari. Alumini mpya hukaa taratibu.

Halafu pakia watu. Wanne ndani, mizigo kwenye buti, pita kwenye matuta polepole na usikilize. Tairi likikwaruza fenda likiwa na mzigo, litakwaruza siku ya kwenda kijijini. Baada ya hapo fanya wili balansi na alaimenti.

Kuhusu tairi: kama ulikuwa na 195/65R15, chukua 205/50R17. Kimo chake kinapishana milimita 2 au 3 tu, na spidomita haitadanganya. 215/45R17 inapendeza zaidi lakini ubavu wake ni mfupi, na mashimo ya barabarani yatakukunjia rimu mapema. Chagua kulingana na njia unayopita kila siku. Na ijulishe kampuni ya bima kwamba umebadilisha, ujue msimamo wao kabla ya ajali.

La mwisho, spea tairi. Ile iliyo kwenye buti bado ni ya inchi 15, na kama ulibadilisha stadi, sasa ni ndefu. Nati zilizozibwa juu zitagota kwenye ncha ya stadi kabla ya kubana rimu, na wewe utadhani zimekaza. Ifunge spea mara moja ukiwa gerejini, mchana, uone inashika kwa nati zipi. Nati hizo ziweke kwenye mfuko, zikae pamoja na jeki.