Maneno Marefu ya Kiingereza na Vipande Vyake

Wenzangu wanafunzi, hapana shaka kila mmoja wetu aliyetoka shule ya msingi, ambako masomo yalikuwa kwa Kiswahili, alishtuka alipofika Kidato cha Kwanza na kukuta neno kama PHOTOSYNTHESIS, lenye herufi 14. Wengi wetu huyakariri maneno ya namna hii kama kasuku. Siku ya mtihani herufi moja ikitoroka kichwani, jibu lote limepotea. Kwa hiyo nataka kueleza njia iliyo nyepesi kuliko kukariri.

Neno refu la Kiingereza aghalabu ni kama gari la moshi: lina mabehewa, na kila behewa limebeba maana yake. Mengi ya mabehewa hayo yalitoka katika Kiyunani na Kilatini. Tazama neno lile la kwanza: PHOTO ni nuru, SYN ni pamoja, THESIS ni kuweka. Basi mmea huweka vitu pamoja kwa msaada wa nuru. Hata Kiswahili chetu kimefanya vivyo hivyo, kwani twaliita jambo hilo usanisinuru. Ukishalijua PHOTO, hutasumbuka na PHOTOGRAPH, maana GRAPH ni kuandika: picha ni maandishi ya nuru.

Sasa twende kwenye vyombo vya hali ya hewa, tunavyosoma katika Jiografia. Vingi vyaishia na herufi METER, yaani kipimo. THERMO ni joto, kwa hiyo THERMOMETER ni kipimajoto. BARO ni uzito, na BAROMETER hupima mgandamizo wa hewa. HYGRO ni unyevu, na HYGROMETER hupima unyevu wa hewa. ANEMO ni upepo, na ANEMOMETER hupima mwendo wa upepo. Kipande kimoja kimefungua milango minne.

Wakati mwingine vipande hukutanisha masomo yasiyodhaniwa kuwa ndugu. Katika Historia twasoma habari za MESOPOTAMIA. Katika Biolojia twakuta HIPPOPOTAMUS. Herufi POTAM zimo katika yote mawili, nazo maana yake ni mto. MESO ni katikati, kwani nchi ile ilikuwa kati ya mito miwili, Tigris na Euphrates. HIPPO ni farasi. Ndiyo kusema Wayunani walimwita kiboko farasi wa mto! Aliyewahi kumwona kiboko atacheka, lakini jina hatalisahau.

Lakini jambo hili si la kuchekesha tu. Angalia HYPER na HYPO. HYPER ni kupita kiasi, HYPO ni chini ya kiasi. HYPERGLYCAEMIA ni sukari kuzidi katika damu, na HYPOGLYCAEMIA ni sukari kupungua mno katika damu. Mgonjwa wa hali ya pili, akiwa na fahamu na aweza kumeza, hupewa kitu chenye sukari upesi. Wa hali ya kwanza sukari itamzidishia madhara. Miongoni mwetu wamo wauguzi na waganga wa kesho. Anayechanganya vipande hivi darasani hupoteza alama. Akivichanganya hospitali, mtu aweza kupoteza maisha.

Yatupasa pia kujihadhari, kwa sababu herufi kufanana si lazima maana ifanane. Katika HOMO SAPIENS, HOMO ni neno la Kilatini, maana yake mtu. Katika HOMOGENEOUS, HOMO ni la Kiyunani, maana yake sawa. Tena jina laweza kubeba kosa la aliyelitunga. OXYGEN maana yake ni kizaa asidi. Antoine Lavoisier wa Ufaransa (1743–1794) aliipa gesi hiyo jina hilo akidhani kwamba kila asidi lazima iwe nayo. Lakini asidi ya HCl tunayoitumia maabara ina hidrojeni na klorini tu. Basi vipande hutuonyesha njia, lakini kamusi na mwalimu ndio wa kuthibitisha.

Shauri langu ni hili. Kila mmoja awe na daftari dogo la vipande. Kila siku aandike kipande kimoja, maana yake, na maneno mawili au matatu yenye kipande hicho. Muhula una siku za kutosha kukusanya vipande zaidi ya 60, na kila kimoja kitafungua maneno kadhaa. Wazazi nao waweza kusaidia wakati wa likizo: mwulize mtoto neno lina vipande gani, naye akueleze kwa Kiswahili. Akiweza kulieleza kwa lugha ya nyumbani, basi amelielewa. Akishindwa, bado amelikariri tu.

Haba na haba hujaza kibaba. Tuanze leo, mtihani haungoji.