Mtoto Akizaliwa na Kibofu cha Mkojo Wazi



Leo tutajifunza juu ya kilema ambacho huenda hujapata kukiona. Ni kilema cha nadra. Kati ya watoto 30,000 hadi 50,000 wanaozaliwa, mmoja tu ndiye huwa nacho. Wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana. Utauliza, kwa nini tupoteze wino kwa jambo la nadra namna hiyo? Ni kwa sababu kilema hiki kina matibabu, lakini mtoto akifichwa ndani hayapati.

Tuanze na kibofu chenyewe. Mafigo huchuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo hushuka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu. Kibofu ni kama kibuyu cha kuhifadhia maji. Kipo ndani ya tumbo, nyuma ya mfupa wa kinena. Mdomo wake hubanwa na misuli mpaka mtu atakapotaka kukojoa.

Sasa chukua kibuyu hicho, kipasue upande wa mbele toka juu hadi chini, kisha kifunue. Ndivyo alivyo mtoto huyu. Chini ya kitovu hakuna ngozi. Pana nyama nyekundu, laini, yenye unyevu, na mkojo hutoka hapo tone kwa tone, usiku na mchana. Nyama hiyo si kidonda wala si utumbo. Ni upande wa ndani wa kibofu. Madaktari huita kilema hiki ekstrofia ya kibofu.

Mfupa wa kinena nao haukuungana. Umeachana katikati kama mlango wa mbao mbili usiofungika. Mvulana huwa na uume mfupi uliopasuka upande wa juu. Msichana naye sehemu zake za mbele huwa zimegawanyika. Wengine wakiona hivyo husema mtoto huyu si wa kiume wala si wa kike. Si kweli. Mvulana ni mvulana na msichana ni msichana. Kama mna shaka, msimpe jina kwa kubahatisha. Daktari atawaambia.

Mara nyingi mafigo ya mtoto huyu ni mazima na akili yake ni timamu. Atatembea, atasoma.

Kilema hiki huanza katika wiki za mwanzo za mimba, wakati ambapo mama pengine hajajua kama ana mimba. Ukuta wa mbele wa tumbo haujifungi kama inavyopasa. Wataalamu hawajapata sababu moja ya jambo hili. Lakini si uzinzi wa mama, si kurogwa, na si kwa kuwa alikula mayai. Nimepata kumwona mama mmoja aliyerudishwa kwao na mumewe kwa maneno kama hayo. Mtoto aliletwa zahanati akiwa na miezi 7, amefungwa vitambaa tabaka juu ya tabaka, na mapaja yamechubuka kwa mkojo. Kabla hajamfunua, mama yule aliniomba nifunge dirisha. Nikafunga.

Je, mtoto wa namna hii akizaliwa, tufanye nini? Kitovu kifungwe kwa uzi safi, si kwa kibanio kigumu, maana kibanio hukwaruza kibofu. Kibofu kifunikwe kwa nailoni safi, laini na nyembamba, kisha mtoto afungwe nepi juu yake. Kama hamna nailoni safi, tumieni kitambaa safi kilicholowekwa katika maji yaliyochemshwa yakapoa, na kisiachwe kikauke. Pamba na shashi kavu hunata kwenye nyama, na ukizibandua hutoa damu. Msiweke majivu, poda, samli wala dawa yo yote ya kienyeji. Mtoto anyonye maziwa ya mama na akae katika joto kama mtoto mwingine. Halafu safari ianze siku ile ile: zahanati, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa. Kazi hii hufanywa na daktari bingwa wa upasuaji. Haifanyiki katika zahanati yangu wala yako.

Jambo moja zaidi, na hili naliandika kwa herufi kubwa: MVULANA HUYU ASITAHIRIWE. Ngozi ile inahitajika kwa kutengenezea uume.

Sasa upasuaji wenyewe. Kazi ya kwanza ni kukirudisha kibofu ndani na kukishona. Lakini kushona peke yake hakutoshi. Fikiri gunia lililojazwa mahindi kupita kiasi: ukilishona kwa kulivuta, uzi hukata. Vivyo hivyo tumbo hufumuka kama mifupa imeachana. Katika siku 2 au 3 za kwanza mifupa ya nyonga bado ni laini, na daktari huweza kuisogeza ikutane. Baadaye humbidi aikate pande zote mbili ndipo ikubali. Siku hizi hospitali nyingine huchagua kusubiri wiki kadhaa ili mtoto apate nguvu. Huo ni uamuzi wa daktari baada ya kumwona mtoto, si wa bibi na babu nyumbani.

Baada ya hapo miguu hufungwa pamoja, au huwekwa plasta ngumu ambayo watu huiita hogo, kwa muda wa wiki 4 hadi 6. Mtoto hulia kwa kufungwa. Usimfungue.

Kazi ya pili ni kutengeneza uume na njia ya mkojo, mara nyingi kati ya miezi 6 na mwaka mmoja. Madaktari wengine huifanya pamoja na ile ya kwanza. Kazi ya tatu ni kukaza mdomo wa kibofu ili mtoto aweze kuzuia mkojo. Hii husubiri mpaka afike kama miaka 4 au 5. Katika miaka hiyo ya kusubiri mkojo utaendelea kuvuja. Wazazi wengi hukata tamaa hapa wakidhani upasuaji umeshindikana. Haujashindikana, haujaisha.

Na aliyechelewa, wa miaka 5 au 10? Huyo pia hutibiwa. Kibofu chake kikiwa kidogo mno, daktari huweza kukiongeza kwa kipande cha utumbo. Mtoto hujifunza kutoa mkojo kwa mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku. Njia nyingine ni kuielekeza mirija ya mafigo kwenye utumbo mpana, ili mkojo utoke kwa njia ya haja kubwa. Njia hii ni ya zamani: daktari John Simon wa Uingereza aliandika habari zake mwaka 1852. Hufaa mtoto anayeweza kubana haja kubwa. Lakini anayefanyiwa hivyo hupimwa maisha yake yote, kwa kuwa damu yake huweza kuwa na asidi nyingi, na baada ya miaka mingi saratani huweza kutokea katika utumbo huo. Kibofu kilichoachwa wazi nacho huweza kupata saratani ukubwani.

Msichana aliyetibiwa akikua huweza kuolewa na kushika mimba. Ajifungulie hospitali, na mara nyingi kwa upasuaji, ili kibofu kilichotengenezwa kisiharibike. Mwanamume naye huweza kuoa, ingawa wengine huhitaji msaada wa daktari ili wapate mtoto.

Jadilini katika darasa lenu la kisomo: mtoto wa namna hii akizaliwa usiku kijijini kwenu, pikipiki au gari litapatikana kwa nani? Na nani atabaki na watoto wengine kwa wiki 6 ambazo mama atakuwa hospitali?