Ukungu wa Bondeni na Ukungu wa Jani

Asubuhi ya mvua pale Tlawi, katika nyanda za Wairaqw, ukitazama kuelekea ziwani huoni ziwa. Ukungu umelala juu ya maji na juu ya mashamba, na majani ya viazi mviringo yanachuruzika maji hadi jua likolee. Zikifuatana siku tatu nne za namna hiyo, mabaka meusi hutokea pembeni mwa majani, na mwenye shamba husema: ukungu umeunguza viazi.

Ukungu upi? Maana Kiswahili hutumia neno lilelile kwa wingu lililoshuka bondeni na kwa ule uotaji wa kijivu juu ya mkate uliolala. Swali hili liliwahi kuwagawa wataalamu wa Ulaya. Mwaka 1845 ugonjwa huo, ambao mabwana shamba wetu huuita bakajani chelewa, uliteketeza viazi vya Ayalandi, na njaa iliyofuata ikaua watu wapatao milioni moja. Wengi walishikilia kwamba hali ya hewa ndiyo iliyoozesha mimea, na ule utando mweupe ulioonekana majanini ulikuja baadaye tu, kama funza kwenye mzoga. Mwaka 1861 Mjerumani Anton de Bary alichukua mimea mizima, akaiweka yote katika unyevu uleule, kisha mingine akaipaka utando wa majani yaliyougua. Iliyopakwa ikaoza. Ile mingine ikabaki mizima, unyevu wote ule.

Nawe unaweza kuuona utando huo. Chuma jani lenye baka jioni, liweke juu ya kitambaa kilicholoweshwa, lifunike na bakuli. Asubuhi ligeuze: upande wa chini, pale kijani kinapokutana na weusi, utakuta mstari wa manyoya meupe, laini kama vumbi la unga.

Manyoya hayo yamebeba vifuko vyenye umbo la limau, vidogo mno, na upepo huvichukua hadi shamba la jirani. Kifuko kikitua kwenye jani kavu wakati wa jua kali, hufa. Kikitua kwenye tone la maji ya baridi, nyuzi 12 hivi, hupasuka na kutoa vijimbegu vyenye mikia miwili, navyo huogelea. Ndiyo, huogelea, kwa sababu kimelea hiki, *Phytophthora infestans*, si kuvu halisi. Kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini. Baada ya saa chache kimeshapenya ndani ya jani.

Kisha huja siku nne au tano za kimya. Jani ni kijani, mkulima ametulia, na ndani linaliwa. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Dawa ya mankozebu hubaki juu ya jani kama koti la mvua: huua kijimbegu kabla hakijaingia, lakini haiwezi kukifuata ndani. Anayengoja kuona baka ndipo apulizie, anawavisha koti walioloa tayari. Na bomba lielekee chini ya majani pia.

Sasa palizi inapata maana nyingine. Magugu mengi hayaleti ugonjwa huu, ila huziba upepo, na jani ambalo lingekauka mapema hubaki na umande hadi karibu na adhuhuri. Nafasi pana kati ya mistari hufanya kazi hiyohiyo. Kupandishia udongo shinani nako huvikinga viazi, kwa kuwa mvua huosha vifuko kutoka majanini na kuvishusha ardhini.

Wairaqw wa nyanda hizi wana desturi ya zamani ya kufukia majani na magugu ndani ya matuta, na udongo wao umeshiba kwa hilo. Mashina ya viazi yaliyokauka kabisa, hata yakifukiwa humo, hayana hatari kubwa, kwani kwa kawaida kimelea hiki huhitaji kitu kilicho hai. Kinachokihifadhi ni kiazi chenyewe. Ugonjwa ulionekana Kenya mwaka 1941 na kuenea Afrika Mashariki, na hadi leo kiazi cha mbegu kilichougua huusafirisha kutoka kata hadi kata. Basi mvua za kwanza zikinyesha, kabla hujapanda viazi, pita kwenye shamba la viazi la mwaka jana, pale ulipopanda mahindi sasa. Katikati ya mistari utaona maotea ya viazi, yenye afya, yanapendeza. Yang'oe pamoja na viazi vyake.