Dondoo muhimu: Orodha nyeusi kwenye seva ya barua pepe

Shule ya Singida yenye seva yake inaweza kutumia ZEN, orodha nyeusi ya Spamhaus, bure. Kiwanda cha alizeti kisome kwanza masharti ya matumizi. Seva hukagua anwani ya IP ya mtumaji kwenye orodha hii kabla barua haijapokelewa.

Usiulizie kupitia DNS ya umma kama 8.8.8.8 ya Google. Spamhaus hujibu 127.255.255.254, yaani imekataa; seva iliyosetiwa vibaya hudhani ni taka, ikazuia kila kitu, hata barua ya mzazi kutoka Kiomboi. Hili ndilo la kuogopa zaidi! Weka DNS yako mwenyewe, kisha uliza 2.0.0.127.zen.spamhaus.org: ukipata 127.0.0.2, inafanya kazi.

Wizara, halmashauri na benki ziingize mapema kwenye orodha nyeupe, yaani ya watumaji wasiozuiwa.