Tangawizi na ndugu zake

Wengi wetu husema tunachimba mzizi wa tangawizi. Kwa kweli si mzizi. Ni shina linalotambaa chini ya udongo na kuweka akiba ya chakula cha mmea. Ndiyo maana kipande chenye jicho kikipandwa huchipua. Manjano nayo ni shina la namna hiyo hiyo. Iliki ni ya ukoo huo pia, ila kwake tunatumia mbegu. Na yale matunda mekundu ya porini yaitwayo matungulu, yanayotokea karibu na ardhi, ni ndugu zao vilevile. Ponda jani lake unuse, utautambua ukoo.

Tangawizi husaidia kupunguza kichefuchefu, hata cha mama mjamzito. Hapo sifa yake ni ya kweli. Lakini haitibu malaria, wala hairudishi maji kwa mtoto anayeharisha. Huyo apewe maji ya ORS, yaliyokorogwa kwa maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na vidonge vya zinki kutoka zahanati, na aendelee kunyonya. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe chai ya tangawizi hata kijiko kimoja. Nyanya zetu walifanya hivyo, lakini sisi tuache.

Macho yakididimia, akiharisha damu au akishindwa kunywa, mpeleke zahanati saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usisubiri chai ichemke.