Kumtambua Paka Mwenye Afya na Paka Anayeficha Ugonjwa

Paje, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, ni mahali ambapo paka wengi huwa na nyumba zaidi ya moja. Asubuhi paka hupewa vichwa vya samaki katika ua mmoja, adhuhuri huonekana karibu na jiko la nyumba ya wageni, na jioni hulala juu ya baraza ya jirani. Mpango huo humfaa paka, lakini una kasoro moja ya kitabibu: akiacha kula, kila nyumba hudhani ameshiba kwa wenzao. Ugonjwa hutambuliwa siku ya tatu au ya nne, wakati mbavu zimeanza kuonekana.

Kasoro hiyo huzidishwa na maumbile ya paka mwenyewe. Ingawa ni mwindaji, yeye pia huwindwa, na mnyama wa namna hiyo hauonyeshi udhaifu wake. Haliti kama mbwa anavyolia. Hujitenga tu, akaingia chini ya kitanda au nyuma ya gunia. Kwa sababu hiyo kipimo cha kwanza cha afya yake ni mazoea yake: anakula kiasi gani, anakunywa maji mara ngapi, anaruka ukuta upi bila taabu. Usingizi peke yake si dalili, kwa kuwa paka mzima hulala sehemu kubwa ya mchana. Dalili ni mabadiliko. Hata ile sauti ya kukoroma taratibu, ambayo watu huichukua kuwa ni ushahidi wa raha, hutolewa pia na paka mwenye maumivu makali.

Uchunguzi wa mwili hauhitaji zaidi ya dakika tano, paka akiwa ametulia. Macho yawe maangavu na yafunguke sawasawa. Katika pembe ya ndani ya kila jicho mna utando mweupe, yaani kope la tatu. Ukiwa umefunika sehemu ya jicho ilhali paka yu macho, kuna jambo. Pua kuwa kavu au yenye unyevu hakuna maana kubwa, kinyume cha inavyosemwa mitaani. Chenye maana ni kamasi nzito, usaha au chafya zisizokoma.

Fizi hueleza mengi zaidi. Za paka mwenye afya zina rangi ya waridi, na zikibonyezwa kwa kidole hugeuka nyeupe kisha hurudi katika rangi yake ndani ya sekunde 2. Fizi zilizopauka huashiria upungufu wa damu, na kwa paka wadogo wa pwani wa kushukiwa kwanza ni viroboto na minyoo ya safura. Fizi za manjano huelekeza kwenye ini au kuharibika kwa chembe za damu. Fizi za samawati au za kahawia ni dharura.

Pumzi huhesabiwa paka akiwa amelala; kupanda na kushuka kwa ubavu ni pumzi moja, na kwa kawaida hazizidi 30 kwa dakika. Paka anayehema mdomo wazi ahesabiwe mgonjwa, hata katika joto la Kaskazi. Kuhusu homa, mhudumu wa afya aliyezoea nyuzi 37 za binadamu anaweza kukosea: joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38.1 na 39.2 za Selsiasi. Masikio yenye vuguvugu si homa.

Manyoya yachanwe juu ya kitambaa cheupe chenye maji. Vipunje vyeusi vikianguka na kuacha wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, nacho ni damu iliyomeng'enywa. Paka aliyeacha kujilamba, manyoya yakashikana mgongoni, mara nyingi ana maumivu ya kinywa au ya viungo.

Hali mbili hazingoji kesho. Ya kwanza ni ya paka dume anayekwenda mchangani mara kwa mara, akachutama na kulia bila kutoa mkojo. Wenye nyumba wengi hudhani amefunga choo, wakampa mafuta. Kumbe njia ya mkojo imeziba. Sumu na chumvi ya potasiamu hujaa katika damu, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Ya pili ni ya paka aliyekataa chakula kwa siku nzima au zaidi, hasa aliye mnene: mwili wake huyeyusha mafuta kwa kasi, nayo hulijaza ini likashindwa kufanya kazi. Wote wawili wapelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kosa baya kuliko yote hufanywa kwa huruma. Mtu humwona paka amelala unyonge, akakata nusu ya kidonge cha Panadol na kumpa. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli kama la binadamu. Damu yake hupoteza uwezo wa kubeba oksijeni, fizi hugeuka kahawia, uso na nyayo huvimba. Hata kipande kidogo kinaweza kumuua. Hakuna kipimo salama cha kukadiria nyumbani. Vilevile dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini isipakwe paka kamwe, kwani humtia mtetemeko na degedege.

Linabaki swali la wakaazi wa nyumba. Katika madhehebu ya Kishafii, yanayofuatwa na wengi Zanzibar, maji aliyoyanywa paka hayanajisiki, lakini hukumu hiyo ya tohara haijibu suala la maambukizi. Paka anayeonekana mzima anaweza kubeba minyoo ya safura. Mayai hutoka na kinyesi, na viluwiluwi huishi katika mchanga wenye unyevu na kivuli, juu ya mpaka wa maji kujaa. Humwingia mtu anayetembea pekupeku, wakachora chini ya ngozi mstari mwekundu unaopindapinda na kuwasha sana. Kliniki za ufukweni mstari huo hudhaniwa mara nyingine kuwa ni fangasi, ukapakwa krimu isiyosaidia, ilhali tiba yake ni albendazoli au ivermektini.

Vimelea vya toksoplazima navyo hutolewa na paka asiye na dalili yoyote, kwa wiki 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Mjamzito halazimiki kumfukuza paka wake. Kinyesi kiondolewe kila siku na mtu mwingine, nyama iive, mboga zioshwe.

Paka mpole anayegeuka mkali bila sababu, akatokwa na mate au akalegea miguu ya nyuma, ashukiwe kichaa cha mbwa. Aliyeumwa au kuparwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile. Chanjo ianze mara moja. Paka akibaki mzima kwa siku 10 chini ya uangalizi, daktari anaweza kuisitisha. Mgonjwa akisema kuwa paka aliyemuuma "hana tatizo", mhudumu amuulize lini alionekana mara ya mwisho akila, na nyumba gani nyingine humlisha.